Fahari ya Bwana, Pumzi ya Mtumwa: Khabari za Siwa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Leo nakuomba unipe wakati wako kidogo tuzungumze khabari ya pembe. Najua utacheka. Utasema, "Mashekhe wameishiwa na maneno, sasa watuletea pembe." Cheka, lakini usiende zako. Iko pembe moja katika pwani yetu hii ambayo wazee wetu waliiheshimu kama wafalme wa nchi nyingine waheshimuvyo mataji yao. Walijifakhiri kwayo, wakaazimana, wakanyimana, na wengine wakanuniana kwa ajili yake. Na ndani ya khabari yake mna somo ambalo mimi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, nimelifahamu kwa kuchelewa. Pembe hiyo ni siwa.

Siku hizi ukimtajia kijana siwa atakuuliza ni kisiwa gani. Wala hana makosa, kwani hajapata kuisikia ikilia. Basi na tuanze mwanzo.

Siwa ni pembe kubwa ya kupulizwa. Haipulizwi kwenye ncha kama tarumbeta. Hupulizwa ubavuni, kwa tundu lililotobolewa upande ule mwembamba. Haina vitufe vya kubonyeza kama tarumbeta za askari, wala haina ulimi kama zumari. Ulimi wake ni midomo ya mpulizaji mwenyewe. Yeye huikaza midomo akaitetemesha kwa pumzi, na mtetemo ule ukaingia katika tumbo la siwa ukakua, hata ukatokea upande mpana kwa sauti nzito inayokwenda mbali. Na kwa kuwa haina matundu ya vidole, sauti zake ni chache, na mpulizaji hana pa kujificha. Mpiga zumari akikosea, vidole vyake vitapita mbio na huenda watu wasitambue. Mpuliza siwa akikosea, mji mzima umejua.

Zilikuwako siwa katika miji mingi ya pwani, nyingine za mbao, nyingine za pembe za ndovu, na nyingine za shaba. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma zake na siwa zake, zikatunzwa Dunga kama alama ya enzi, na wa mwisho katika Mamwinyi Mkuu hao alifariki mwaka 1873. Lakini zilizotangaa zaidi ni mbili: siwa ya Pate, ambayo ni ya pembe ya ndovu na urefu wake wapita mita 2, na siwa ya Lamu, ambayo ni ya shaba. Zote mbili zingaliko hata leo, zimehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na wataalamu huzikadiria kuwa za karne ya 17 au karibu yake.

Siwa ile ya Lamu yataka utazamwe ufundi wake. Fundi alianza kwa kutengeneza mfano wa nta, akautia nakshi kama apendavyo. Kisha akaufinika kwa udongo, akauchoma. Nta ikayeyuka ikatoka, pakabaki nafasi tupu ndani ya udongo, na katika nafasi ile ndipo ilipomiminwa shaba iliyoyeyushwa. Ilipopoa, udongo ukavunjwa. Fikiri, msomaji: nta imekwisha, udongo umevunjwa, na jina la fundi halijulikani, bali kazi ya mikono yake imedumu zaidi ya miaka 300.

Huenda ukasema mambo haya ya pembe ni ya visiwa vya Lamu tu. Sivyo. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona Sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, na mbele yake zapigwa ngoma, pembe na nafiri. Na mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mfalme wa mji ule alimwendea kwa chombo, amekaa juu ya viti vya shaba vyenye mito, amefunikwa mwavuli wa hariri nyekundu. Mmoja katika Wareno wale aliandika aliyoyaona siku ile. Asema walikuwapo wapulizaji wa nafiri, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizochongwa nakshi, urefu wake kama urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Sifa hizo, msomaji, ni za nini kama si siwa? Wareno wakajibu kwa kupiga mizinga. Wenyeji wamewakaribisha kwa pumzi, wao wamerudisha kwa baruti. Na yaliyofuata baadaye wayajua.

Sasa tuje kwenye desturi. Siwa haikulizwa ovyo. Ilipulizwa anapotawazwa mfalme, katika sikukuu, na katika harusi na tohara za waungwana wenye haki nayo. Asiyekuwa na haki hiyo, hata awe na fedha za kujaza jahazi, harusi yake haikuliliwa na siwa. Atapata zumari, atapata vugo la wanawake, atapika pilau akashibisha mitaa yote, lakini siwa hapana. Na watu wa miji yetu wanajuana. Kesho yake sokoni hawaulizani walikula nini. Huulizana, "Siwa ililia?"

Juu ya jambo hili pana kisa katika Khabari za Pate, zile zilizoandikwa kutokana na masimulizi ya Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Yasimuliwa ya kwamba katika siku za Wareno, wakubwa wa Pate walishikwa wakachukuliwa, na miongoni mwao alikuwamo mume wa bibi mmoja mtukufu, Mwana Darini. Bibi akabaki na mwanawe, Bwana Tamu. Baadaye mfalme wa Pate akatangaza shangwe za kuwatahiri watoto wake. Mwana Darini naye akataka mwanawe atahiriwe siku zile zile, asionekane yatima mbele za watu. Akapeleka kuomba aazimwe siwa. Akanyimwa.

Hapa msomaji simama kidogo. Mwanamke ameondokewa na mume, ana mtoto mkononi, anaomba pembe ya siku moja, naye ni mtu wa nyumba ile ile. Akanyimwa. Hayo ndiyo matunda ya fahari ikishaota mizizi: humtia mtu ubakhili hata wa sauti.

Mwana Darini hakutukana, wala hakwenda kulia vibarazani. Alimwita fundi hodari, akampa pembe za ndovu, akamwambia achonge siwa nyingine. Kazi ikafanywa kwa siri ndani ya nyumba yake. Siku ya shangwe ilipofika, watu wametega masikio kwenye nyumba ya mfalme, mara ikasikika siwa ikilia kwa Mwana Darini! Watu wakajaa, zawadi zikamiminika. Yasemekana kwamba siwa ile ya kwanza iliazimwa baadaye watu wa Lamu, chombo kikazama nayo ikaenda na maji. Basi mfalme hakuwa na budi ila kumwendea yule yule aliyenyimwa, na siwa ya bibi ndiyo ikawa siwa ya Pate.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki wakafurahi na ushindi wa Mwana Darini, wakaishia hapo. Mimi nami nilikisimulia hivyo darasani miaka mingi. Lakini nakuuliza swali ambalo sikupata kujiuliza mwenyewe wakati ule: siku ile, ni nani aliyeipuliza siwa?

Hakuwa mfalme, wala hakuwa muungwana yeyote wa Pate. Muungwana hakupuliza pembe. Kupuliza ilikuwa ni kazi, na kazi ilikuwa na watu wake. Khabari zasimulia kwamba Mwana Darini alikuwa na mtumwa hodari wa kupuliza, akamwacha huru, na yeye na kizazi chake wakawa ndio wapulizaji, kila siwa ipulizwapo wapewe haki yao.

Tazama mambo yalivyo. Mwenye siwa hawezi kuiliza, na awezaye kuiliza si yake. Bwana harusi amekaa chini ya mwavuli, kanzu yake yanukia udi, jambia kiunoni; na fahari yake yote, ile aliyorithi kwa baba na babu, iko katika midomo ya mtu ambaye jana alimpita njiani asimwitikie salamu vizuri. Mtu yule akiamka na kidonda mdomoni, harusi haina siwa! Akiwa na kikohozi, ukoo mzima una wasiwasi. Nadhani siku zile palikuwako mabibi waliompelekea mpuliza siwa uji na asali alfajiri, si kwa mapenzi yake, bali kwa kuogopea mapafu yake.

Na yeye mpulizaji je, hakuwa na fahari? Alikuwa nayo, na yake ilikuwa ya kweli zaidi, kwa sababu aliifanyia kazi. Wengine walizaliwa na haki ya kulilizwa siwa. Yeye alijifunza kuiliza.

Kujifunza huko nimekuonja kidogo mimi mwenyewe. Nilipokuwa mtoto wa kiasi cha miaka kumi, mtaani kwetu alikuwako mzee mmoja mwenye mbiu, ile pembe iliyokuwa ikipulizwa ili watu wakusanyike wasikie jambo. Mbiu nayo hupulizwa kwa midomo. Siku moja alasiri, tumetoka chuoni, nilimsihi anipe nijaribu. Wenzangu wakanizunguka. Nikajaza mashavu, nikapuliza hata masikio yakaziba na macho yakanitoka. Hakikutoka kitu ila upepo. Nikapuliza tena kwa hasira. Mara hii ikatoka sauti, Allah nisitiri, kama ya mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Watoto walianguka kwa kicheko, na kwa muda wa mwezi mzima jina langu lilikuwa Mbuzi.

Yule mzee hakunicheka. Akaniambia, "Usivimbishe mashavu, mwanangu. Mashavu yakivimba, pumzi yabaki kwako. Kaza midomo, iache pumzi iende kwenye pembe." Kisha akaichukua akapuliza, na mashavu yake hayakucheza. Mji ukaitika.

Neno lile nililiona ni la pembe tu. Nilipokuja kusoma nasaha za Luqman kwa mwanawe, alipomkataza kuwageuzia watu shavu kwa kiburi na kutembea kwa maringo, na akamwamuru aishushe sauti yake, nilimkumbuka mzee wa mbiu. Alikuwa amenisomesha kabla ya mwalimu.

Sikusudii hapa, ndugu msomaji, kuingia katika khitilafu za wanazuoni juu ya ala na ngoma. Hayo yana mahali pake na watu wake. Nataka tutazame jambo lililotokea Lamu karibu na mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wakati huo alikuwako mjini Habib Saleh bin Alawi Jamalullayl, aliyetoka Ngazija akafanya Lamu kuwa kwao. Sharifu huyu aliwasomesha watu ambao wengine hawakuwataka barazani mwao: watumwa, watoto wa watumwa, na mafakiri waliotoka nje ya mji. Baadhi ya wakubwa hawakupendezwa. Yeye akaendelea, na Riyadha ikasimama, na Maulidi yake kwa matari yakawa ya kila mtu. Mwaka 1907 sheria ya nchi nayo ikaufuta utumwa katika pwani ya Kenya.

Hebu pima. Siwa haikulia ila kwa wenye haki nayo. Twari la Maulidi halikumuuliza mtu babu yake ni nani. Siwa ikaingia katika makumbusho, na Maulidi ya Lamu yangali yakijaza mji kila mwaka. Sisemi haya kuibeza siwa. Nasema kwamba kitu kinachofungiwa watu wachache hukaa na hao wachache, na wao wakiondoka, nacho hunyamaza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi kuionya nafsi yake. Wenye majumba yale walililiwa na siwa, na siwa haikuwazuilia mauti hata saa moja.

Sasa nakuja kwenye lile nililolifahamu kwa kuchelewa. Sheria ilifuta utumwa 1907, lakini ndimi hazikufuta. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika mji mmoja wa pwani ambao nausitiri, kijana mmoja alipeleka posa. Kijana wa Kiislamu, mwenye swala yake na kazi yake, adabu zake hazina lawama. Baba wa msichana akanijia, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa watoto wake. Akaniambia, "Sheikh, kijana ni mzuri. Lakini wazee wake walikuwa wapuliza siwa. Walitupulizia sisi." Akalisema neno hilo kwa sauti ya chini kama atajaye ugonjwa.

Nilijua la kumjibu. Nilijua kwamba kufu, kama walivyoieleza wanazuoni wetu, ni haki inayosameheka mwanamke na walii wake wakiridhia, na msichana alikuwa ameridhia. Nilijua kwamba dini na tabia ndivyo vya kutazamwa kwanza. Lakini mbele yangu alikuwa ameketi mtu mkubwa, mwenye baraza, aliyekuwa akikisaidia chuo changu. Nikavimbisha mashavu. Nikasema maneno marefu ya Kiarabu ambayo mwisho wake yalikuwa ni hili: tafuteni wenzenu. Posa ikarudishwa.

Kijana akauhama mji. Alirudi baada ya miaka kuja kuzika jamaa yake, akanikuta msikitini, akanisalimu kwa heshima zote na kunibusu mkono. Laiti angalinitukana, ningalipata la kujitetea. Tangu siku ile sijakisimulia kisa cha Mwana Darini kama nilivyokuwa nikikisimulia.

Haukupita muda mrefu nikaletewa jambo kama lile na mzee mwingine. Mara hii sikutafuta maneno marefu. Nilimuuliza, "Harusi ya babu yako ililiziwa siwa?" Akanyanyuka kifua: "Naam! Siwa ya shaba, mji mzima wajua." Nikamuuliza, "Aliipuliza yeye mwenyewe?" Akasema, "Hasha! Alipulizia—" kisha akanyamaza. Nyuma ya pazia bibi yake akacheka kicheko ambacho hakuweza kukizuia. Mzee naye, baada ya kununa kidogo, akacheka. Nikamwambia, "Basi fahari ya babu yako ilitoka kifuani mwa babu wa kijana huyu. Wamtoaje katika nyumba, na pumzi ya wazee wake imo ndani ya sifa zenu?" Alhamdulillahi, ndoa ile nimeifunga mimi, na watoto wao nimewasomesha alifu.

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Lamu, mji ambao tangu 2001 umetiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu, wachukue watoto wako, na popote utakapoikuta siwa wasimamishe mbele yake. Usiwaambie tu kwamba hii ilikuwa ya wafalme. Waambie yuko aliyechonga mfano wa nta na kumimina shaba, na jina lake halikuandikwa. Waambie yuko aliyeipuliza, na watu walikula pilau la harusi ile na kumsahau. Na ikiwa wewe ni katika kizazi cha waliolilizwa, usijivune. Babu yako siku ile alikuwa amekaa tu. Na ikiwa wewe ni katika kizazi cha waliopuliza, usione haya wala usifiche. Mtajie mwanao kazi ya babu yake kwa jina lake, umwambie bila yeye shaba ile ilikuwa chuma baridi.

Na siku posa itakapokuja mlangoni kwako, ukasikia ulimi unawasha kuuliza wazee wa kijana walikuwa nani katika siku za siwa, kumbuka mashavu. Yasivimbe.

Namuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Darini, na fundi wake, na mpulizaji wake, na anisamehe mimi kwa neno nililolisema na kwa lile nililolinyamazia.

Wabillahi tawfiq.